Zinia ya Pindo

2 Julai

Nimeanza kuandika humu kwa sababu sina wa kumlalamikia. Nyumba hii tunaishi wawili, mimi na Dada, na ninayetaka kumlalamikia ni yeye.

Maisha yetu yote ya kazi tumekaa chumba kimoja, hiki cha mbele chenye dirisha la barabarani. Yeye anakata, mimi nashona. Wateja wanajua: mkasi ni wa mkubwa, cherehani ni ya mdogo. Lakini tangu presha ya macho imwanze, nakata mwenyewe, na wiki iliyopita nilikata mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja. Mteja alicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Na Dada alikuwa wapi? Nje, kapiga magoti kwenye zinia zake, anazisemesha.

Hizo zinia ndizo zinanitia kichaa. Ni maua ya msimu mmoja. Unapanda mbegu, yanachanua, yanakufa, unabaki na mbegu ulizokusanya, basi. Jua kali hayalijali kabisa. Ukiyabembeleza kwa maji mengi ndiyo yanashika ukungu mweupe na kufa. Dada amekuwa akiyachagua mwaka hadi mwaka. Linalompendeza analiwekea mbegu, lisilompendeza analing'oa, maana anatafuta ua la aina moja tu: la njano, lenye mstari wa rangi ya damu ya mzee kwenye ncha za petali zote, kuzunguka lote, bila kukatika. Analiita ua la pindo. Ufundi umemwingia mpaka kwenye maua. Kila mwaka pindo linatoka nusu, au linaishia ubavuni. Mwaka huu, anasema, limetimia. Mche mmoja katika tuta zima, na katika mche huo ameacha ua moja tu ili nguvu zote ziende kwenye mbegu.

"Bwana Shada nimemwahidi," ananiambia. Huyo ni muuza maua wa pale kwenye makutano, ambaye kila mwaka anamwomba mbegu na kila mwaka anaambiwa bado. "Mbegu ya mwaka huu ikitoa pindo tena, nampa. Halafu hata nikipofuka, litakuwepo kwa watu."

Aliniita nikalione. Nilimjibu nakuja.

5 Julai

Jua. Nimemaliza magauni mawili ya mama mwenye duka la vyombo. Yote yana mkono wa kulia.

9 Julai

Binti yake Dada amepiga simu. Nafasi ya kupasuliwa macho imepatikana, kwa hiyo Dada anaondoka kesho, na atakaa kwa bintiye mpaka madaktari waridhike. Daktari alishamwambia waziwazi kwamba operesheni ni ya kuzuia kilichobaki kisiondoke. Kilichokwisha kwenda hakirudi.

Jioni alisimama mlangoni akinieleza mambo ya maua, sijui maji, sijui uzi, sijui nini kikauke na nini kisikauke. Cherehani ilikuwa inanguruma na mteja alitaka nguo yake asubuhi. Nilisema sawa. Akaendelea. Nikasema sawa, Dada, sawa.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, jamani! Mimi si kiziwi."

10 Julai

Ameondoka. Kituoni alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake.

14 Julai

Jua. Nyumba imepoa. Nimegundua kwamba yule mwanamke nilikuwa nikimsikia siku nzima bila kujua namsikia: mkasi, kikohozi chake, wimbo wake mmoja ambao hata maneno hayajui.

19 Julai

Amepasuliwa. Binti anasema imekwenda vizuri, tusubiri bandeji zitolewe.

27 Julai

Leo nimefanya kazi ya maana. Kuna mteja wa gauni la harusi anakuja Jumatatu kupimwa, mtu na mama yake na shangazi zake, na mbele ya nyumba palikuwa pamechakaa vibaya. Nilifagia, nikasugua ngazi, nikakata maua yaliyokauka. Katikati ya tuta, mbele kabisa, mche mmoja ulikuwa umesimama mkavu kama ufagio, na shingoni mwake umefungwa uzi mwekundu.

Sasa, kazini kwetu uzi mwekundu una maana moja tu. Dada anapokagua nguo akaona mshono mbaya, anapitisha uzi mwekundu hapo, ananirudishia bila neno, nami najua: fumua. Ndivyo tunavyofanya tangu tukiwa wasichana, ili asinigombeze mbele ya wateja. Kwa hiyo nilipoona uzi ule nilicheka peke yangu. Nikasema, mwone mkubwa, ameondoka na bado ananikagulia. Nikaung'oa mche mzimamzima nikautupa kwenye moto wa majani makavu.

Mbele ya nyumba panang'aa. Nimejipongeza kwa chai.

30 Julai

Dada amepiga simu mwenyewe. Bandeji zimetolewa. Jicho la kushoto basi. La kulia linaona mwanga, vivuli, na rangi kubwakubwa zikisogezwa karibu. Alisema hayo haraka, kama mtu anayesoma bei za vitambaa. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Ule mche wa uzi mwekundu, umekauka?"

Niligeuka nikatazama tundu la mche pale kwenye tuta.

"Hujautia maji lakini? Nilikwambia usiutie hata tone."

"Sijautia."

"Umekauka vizuri?"

"Umekauka."

"Alhamdulillahi. Usiuguse. Nikija nitavuna kwa mkono wangu. Ah, hapana, mvua ikitangulia itaoza. Vuna wewe, tia kwenye bahasha."

Nilikaa kwenye ngazi zangu zilizosuguliwa. Nilimuuliza, na sauti nilijitahidi iwe ya kawaida, kwa nini alifunga uzi mwekundu.

"Si nilikueleza? Ndiyo rangi pekee ninayoiona bila kuitafuta. Mweupe na wa kijani unanipotea. Kwani vipi?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Nilikwenda kwenye majivu. Niliyachambua kwa vidole, halafu kwa chekeche la unga. Hamna kitu. Loo, mtu mzima mimi, nimechutama barabarani nachekecha majivu, na watu wanapita wananisalimia.

Ningeweza kumpigia tena palepale nikamwambia. Simu ilikuwa mkononi. Lakini ametoka kuniambia jicho limekwenda. Nimwambie na hili? Nilijipa sababu hiyo na ilinifaa. Ukweli ni kwamba niliogopa kile kimya chake cha kunirudishia nguo bila neno.

31 Julai

Nimevuna mbegu kutoka maua mengine, yale yenye njano nzuri. Nimetia kwenye bahasha, nikaifunga.

6 Agosti

Amerudi. Bintiye alimshusha mlangoni akageuza kwenda kazini. Dada alipanda ngazi huku anapapasa ukuta, akakaa, na kabla hata ya kuvua viatu akasema, "Nipe."

Nilimpa bahasha. Alimimina mbegu kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole gumba.

"Mbona nyingi hivi?"

"Ulizaa sana."

"Ua moja tu?"

"Lilikuwa kubwa, Dada."

"Kubwa eeh!" Uso wote ulifunguka. "Nilijua. Nilijua tu lile ni kubwa kuliko nilivyoliona."

Nilikwenda jikoni nikageuza sufuria isiyo na kitu.

8 Agosti

Hataki kusubiri mvua. Anasema hata jicho lililobaki hajui lina muda gani naye, na zinia hazidai mvua, zinadai mtu mwenye nidhamu ya maji. Anataka ua lichanue mapema alisogeze hapa, mbele ya jicho, aone pindo hata mara moja. Tulitandaza kamba, akafuata kamba kwa mkono wa kushoto na kupanda kwa wa kulia, mbegu juu juu, udongo kidogo. Mimi nilishika kopo la maji. Kila mbegu niliyomwona akiifunika nilijua mimi ndiye niliyemdanganya nayo, na bado nilisema, "Hapo pameruka kidogo, Dada, rudi nyuma."

14 Agosti

Zimeota. Aligusa kila mche, taratibu, akihesabu kwa midomo.

21 Agosti

Jua. Leo lazima niandike kirefu kidogo.

Nilikuwa nahangaika na kitambaa cha gauni la harusi, kile cha kuteleza ambacho hakitulii mezani, natukana chini chini. Dada alikuwa kitini kwake. Akasema, "Lete mkono wako niukate pamoja na hicho kitambaa, maana wewe unakata kama unaua nyoka."

"Njoo ukate wewe basi."

Nilisema kwa hasira, na nilipolisikia neno langu nilitaka kulimeza. Lakini alikuja. Alipapasa meza, akapapasa kitambaa mpaka akajua nyuzi zinaelekea wapi, akaniambia nishone mstari wa uzi mnene badala ya chaki. Kisha akashika mkasi na kufuata uzi ule kwa ncha ya kidole. Mkono wa kulia ukakata. Kifua, mgongo, mikono, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Niliviweka vipande pamoja: havikupishana hata unyuzi.

Alipomaliza alikuwa anacheka.

"Kumbe bado nipo," alisema.

Mimi nimeishi na mtu huyu nikidhani kazi yake ni ya macho. Leo nilimtazama na nikaona aibu kwa yote niliyoandika ukurasa wa kwanza.

26 Agosti

Amepunguza miche. Kung'oa iliyobanana anafanya mwenyewe, kwa kugusa shina lipi limenenepa. Wateja wameanza kumletea vitambaa tena yeye.

3 Septemba

Jua. Roho inanisuta nikiwa mezani, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa namwagilia. Nampaka dada yangu mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye ananishukuru.

4 Septemba

Nilitaka kumwambia leo. Mteja akaingia.

12 Septemba

Mawingu asubuhi. Yamepita tu. Nilitaka kumwambia, akaanza kuimba ule wimbo wake.

20 Septemba

Vitumba vya maua vimetokea. Anavibana polepole kwa vidole viwili kila asubuhi, na kila asubuhi ananiuliza, "Rangi bado?" Nasema bado. Hilo angalau ni kweli.

1 Oktoba

La kwanza limefunguka. Njano tupu. Nililizunguka mara ngapi sijui, nikitafuta hata doa. Nilikuwa naomba, mimi niliyelifahamu ua lile lilikotoka, kana kwamba Mungu angenishonea pindo mwenyewe ili nisiumbuke.

Dada aliliinamia mpaka petali zikamgusa kope.

"Njano naiona! Naiona, mdogo wangu, kama taa! Pindo silioni. Lipo?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Hakukuwa na mteja, wala wimbo.

"Lipo," nilisema.

"Limezunguka lote?"

"Lote."

Alipiga makofi kama msichana. Mchana akanituma nimwite Bwana Shada.

3 Oktoba

Yamefunguka mengi. Njano, njano, na mawili ya waridi.

5 Oktoba

Bwana Shada amekuja. Nilikuwa nimemzungusha siku zote hizi, mara Dada amelala, mara hajisikii, lakini leo alikuja mwenyewe, kavaa shati la kwendea ugenini. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, na hilo la pili ndilo lililonimaliza.

Dada alimshika mkono akampeleka mbele ya tuta kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga.

"Haya, nambie sasa. Uliwahi kuona?"

Bwana Shada aliinama. Akainuka. Akanitazama mimi. Nilijitia hamnazo, natazama barabara.

"Maua mazuri, Mama. Yameshiba. Njano safi."

"Na pindo?"

"Pindo... labda kwa upande ule." Akazunguka tuta lote, masikini, akiinamia ua moja baada ya jingine. "Mama, nisikufiche. Haya ni ya kawaida. Haya ninayo. Na hapa kuna ya waridi."

Dada alinigeukia, na ingawa hanioni, nilijiona nimeonekana.

"Uliniambia lipo."

Niliinama nikang'oa gugu.

"Ananihurumia huyu," Dada akamwambia Bwana Shada, kwa upole ambao sijawahi kustahili. "Aliogopa kunivunja moyo. Mdogo wangu ana maneno makali lakini moyo wake laini." Kisha akasema, "Basi nilichagua vibaya. Lile pindo sikuliona. Nililitaka mpaka nikaliona. Macho yalikuwa yameshaniacha na mimi sijui. Nisamehe, bwana. Nimekusubirisha miaka kwa kitu kisichokuwepo."

Bwana Shada alisema si neno, Mama, si neno kabisa. Akaondoka bila kununua wala kuomba chochote. Nami nikamshika Dada mkono, nikamsaidia kupanda ngazi, na nikanyamaza.

6 Oktoba

Hakutoka chumbani. Mawingu, joto, hakuna tone.

7 Oktoba

Mteja ameleta kitambaa cha suti. Dada akamwambia ampelekee fundi mwingine. Nilimfuata nikamuuliza ana nini, kwani mkasi amegombana nao?

"Nilifunga uzi kwenye ua lisilo na kitu, na wakati ule bado naona," alisema. "Sasa sioni, nikate nguo za watu? Nikiharibu utaniambia? Wewe utasema lipo, limezunguka lote."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakunja aproni yake ya kazi, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

9 Oktoba

Binti amepiga simu. Dada amemwambia aje amchukue mwisho wa mwezi, akakae kwake moja kwa moja, kwa sababu hapa hana kazi tena.

10 Oktoba

Nimemwambia.

Alikuwa kitandani, mchana, mgongo ukutani. Nilikaa sakafuni. Nilipiga moyo konde nikaanza na moto, nikarudi nyuma kwenye uzi, nikaenda mbele kwenye bahasha, nikavuruga, ikabidi nianze upya. Nilimwambia jioni ile alipokuwa akinieleza sikusikia neno. Nilimwambia niliung'oa mche nikiwa nacheka. Nilimwambia mbegu zile niliziokota popote, na kwamba siku ya kwanza ya njano nilijua nadanganya, na siku ya Bwana Shada nilijua, na nikamwacha ajilaumu mbele ya mtu.

Nilingoja anipige. Ningefurahi.

"Kwa hiyo lilikuwepo," alisema.

"Dada, nisamehe—"

"Nyamaza. Lilikuwepo? Sikukosea?"

"Hukukosea."

Aliuweka mkono kifuani. Machozi yalimtoka na uso wake ulikuwa wa furaha, furaha kabisa, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Ilinikata kuliko kipigo. Nilimfanya dada yangu afurahie hasara yake.

Kisha akainama mbele, akanitafuta kwa mkono mpaka akanishika bega.

"Basi nambie. Mimi nililiona kwa ukungu, kwa kubahatisha. Wewe ulikuwa na macho mazima na ulipita pale kila siku. Lilikuwaje? Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba au mpana? Ncha zilipinda?"

Barabarani watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani kwetu.

"Sikuliangalia," nilisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Dada. Uliniita nikasema nakuja."

Mkono ulitoka begani. Taratibu, hakunisukuma. Akalala, akageukia ukuta, akaniomba nifunge mlango nikitoka.

12 Oktoba

Asubuhi nilikwenda makutano. Bwana Shada alikuwa na wateja, nikamwambia hivyohivyo, mbele yao, kwamba Dada hakukosea, ni mimi niliyechoma mche. Alikuwa anafunga maua kwa kamba na hakuacha kufunga. "Nashukuru umesema," alijibu, na akamhudumia mtu aliyefuata.

Niliporudi mkasi ulikuwa unasikika tangu barabarani. Dada amevaa aproni, anakata. Nilimwambia nimekwenda kwa Bwana Shada. Akasema, "Nipe upana wa mabega."

13 Oktoba

Amempigia bintiye kwamba haendi. Mimi hajanisemesha zaidi ya vipimo.

18 Oktoba

Mvua. Imeanza saa za kazi, kwa kishindo, na ikatunyeshea mchana kutwa. Zinia zote zimelala chini. Suti ya yule mteja aliyefukuzwa, akarudi, imekwisha, na imekatwa vizuri mno. Hata mteja aligusa mshono wa bega mara mbili.

Kabla ya kufunga kazi Dada alitaka kutoka nje kidogo. Akaniuliza kama mvua imekoma. Nilichungulia dirishani, nikamwambia imekoma.

Alisimama mlangoni, akaelekeza sikio kwenye bati, akasikiliza kwanza mwenyewe. Halafu akatoka.